Mzigo na Furushi

SOMO LA 7

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Wiki Hii: Mwa. 3:9–14, Kum. 22:8, Eze. 33:1–9, Mdo 19:23–27, Yn. 8:31–36, 1 Kor. 6:12–20, Gal. 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2 pamoja na 6:5. Yakariri yote mawili, kwa kuwa moja likikaririwa bila jingine hupotosha.

Fikiria nyumba moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Usa River, katikati ya migomba na kahawa. Baba wa nyumba hiyo ni mzee wa miaka sitini na ushee. Alianza kuvuta sigara mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 16, utingo wa lori la mizigo katika barabara ya Arusha na Moshi. Leo hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Daktari amesema mapafu yamechakaa na hayatarudi kuwa kama zamani. Ng'ombe wa maziwa ameshauzwa kulipia matibabu, na sasa familia imekaa kuzungumza juu ya kuuza kipande cha shamba.

Wana wawili hawapatani. Mkubwa, ambaye ni mwalimu, anasema, "Hakuna aliyemshika Baba mkono akamtia sigara mdomoni. Alinunua kwa fedha yake mwenyewe." Mdogo, dereva wa bodaboda, anajibu, "Kaka, sigara ya kwanza ya Baba ilitoka katika kiwanda cha Serikali. Kila pakiti aliyonunua, Serikali ilichukua kodi yake. Leo Baba anatafuta hewa, Serikali iko wapi?" Mama yuko jikoni anawasikia, naye anakohoa. Hajawahi kuvuta hata sigara moja, wala hakuna aliyemwuliza neno.

Mabishano ya namna hii yapo katika nyumba nyingi, mjini Arusha na vijijini. Mtume Paulo, katika mafungu manne tu ya barua yake kwa Wagalatia, anawaagiza waumini kuchukuliana mizigo, kisha anasema kila mtu atalichukua furushi lake. Wiki hii somo linachunguza mambo hayo mawili: sehemu ya mtu mwenyewe, sehemu ya watawala, na sehemu ya Kanisa.

JUMAPILI

Furushi la Mtu Mwenyewe

Soma Mwanzo 3:9–14. Mungu alipouliza, Adamu alimwelekezea nani kidole? Hawa je?

Adamu alimtaja mwanamke, na kwa ujanja zaidi akamtaja Mungu aliyempa mwanamke huyo. Hawa akamtaja nyoka. Ni muhimu kuona kwamba hakuna aliyesema uongo. Mwanamke kweli alimpa mumewe tunda, na nyoka kweli alidanganya. Mungu hakuyakana hayo. Aliyehukumiwa kwanza ni nyoka. Hata hivyo, baada ya nyoka kuhukumiwa, zamu ya Hawa ilifika, na ya Adamu pia. Hatia ya mshawishi haikumfutia aliyeshawishiwa hatia yake, wala udhaifu wa aliyeshawishiwa haukumwachia huru mshawishi.

Soma Danieli 1:8. Huko Babeli ni serikali yenyewe iliyoandaa chakula na divai. Danieli angeweza kusema kwamba mateka hana uchaguzi. Badala yake aliazimu moyoni, kisha akaomba kwa adabu ruhusa ya kula chakula kingine. Azimio la moyo ni sehemu ambayo mfalme hawezi kuifikia, wala kwa amri njema wala kwa amri mbaya.

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20. Watu wengi husema, "Mwili ni wangu, nitaufanyia nipendavyo." Paulo anajibu kwamba mwili wa mwamini si mali yake, umenunuliwa, tena kwa bei, nao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Anaongeza kwamba hatakubali kutiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Yoyote aliyewahi kuamka usiku wa manane kutafuta kiberiti anajua maneno hayo yana maana gani.

Waanzilishi wa Waadventista walilielewa jambo hili mapema. Joseph Bates, nahodha wa zamani, aliacha tumbaku miaka mingi kabla ya Konferensi Kuu kuundwa mwaka 1863. Hapakuwa na sheria ya nchi iliyomlazimisha. Ellen G. White, katika kitabu Huduma ya Uponyaji kilichotolewa mwaka 1905, aliihesabu tumbaku kuwa sumu iuayo polepole, na kwa sababu hiyo huwa vigumu kwa mvutaji kuiona hatari yake.

Kwa hiyo mwalimu wa Usa River ana ukweli mkononi. Swali ni anautumia kwa kazi gani. Ukweli kwamba Baba alichagua waweza kutumika kuwaonya wajukuu, au waweza kutumika kufunga mkono usitoe fedha ya dawa. Shetani hufurahia pale ukweli unapogeuzwa kuwa udhuru wa kutopenda.

Kwa mambo gani maishani mwako umekuwa mwepesi kuwataja wengine, na mzito kulitaja furushi lako mwenyewe?

JUMATATU

Ukuta wa Darini

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu alimwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta juu ya dari, wakati kila mgeni ana macho yake?

Nyumba za Israeli zilikuwa na dari bapa. Watu walianika kitani huko (Yos. 2:6), na walipanda huko kuomba (Mdo 10:9). Mtu angeweza kuanguka. Mungu hakumwambia mwenye nyumba kwamba mgeni mzembe atajijua mwenyewe. Alisema kwamba nyumba isiyo na ukuta italeta damu juu ya mwenyewe. Kanuni hiyohiyo iko katika Kutoka 21:28–36, kuhusu ng'ombe anayejulikana kuwa mkali na shimo lililoachwa wazi. Mwenye uwezo juu ya kitu cha hatari hujibu kwa ajili ya wale ambao kitu hicho kitawafikia.

Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu (Rum. 13:4). Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 14, nayo inasema kila mtu ana haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii.

Watu wa Meru wana mfano ulio karibu nao sana. Katika maeneo ya Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngarenanyuki, maji ya chemchemi na visima vingi yana madini ya floridi kupita kiasi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko kuna vyanzo vinavyopita kipimo hicho mara kadhaa. Matokeo yake yanaonekana katika meno ya kahawia ya watoto, na kwa wengine katika mifupa iliyopinda. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mtoto wa Ngurdoto kwamba alichagua meno yake. Kila mtu anakubali kuwa Serikali ina wajibu wa kuchuja maji hayo au kuleta mengine, na ndiyo maana fedha nyingi za umma zimetumika katika utafiti na miradi ya maji.

Je, sigara ni kama maji hayo? Kwa sehemu, hapana. Maji hayana mbadala. Sigara unaweza kuipita ukaenda zako. Lakini kwa sehemu, ndiyo. Mama anayevuta moshi wa mumewe kwa miaka arobaini hakuchagua. Mtoto aliye kwenye chumba kimoja na mvutaji hakuchagua. Na kijana wa miaka 16 anayepewa sigara na wakubwa zake wa kazi anachagua kitu ambacho hajui kitamshika kwa muda gani.

Tanzania imejenga ukuta fulani. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, inazuia kuvuta katika baadhi ya maeneo ya umma, na inataka maonyo katika pakiti. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima walikuwa wakitumia tumbaku kwa kuvuta au kwa njia nyingine kama ugoro: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2.

Ukuta, hata hivyo, una mpaka wake. Hauwezi kumfunga mgeni kamba. Waadventista wanajua kutokana na unabii hatari ya serikali inayoingia katika dhamiri na kuamuru ibada. Sheria inayomzuia mtu asimdhuru jirani ni ukuta wa darini. Sheria inayotaka kutawala moyo ni kitu kingine kabisa. Mwamini anaweza kuiomba ya kwanza bila kuikaribisha ya pili.

Katika nyumba yako, duka lako au ofisi yako, ni ukuta gani ambao bado hujaujenga?

JUMANNE

Fedha ya Demetrio

Soma Matendo 19:23–27. Demetrio alianza na hoja gani alipowakusanya mafundi wenzake? Ni hoja gani aliyoiongeza baadaye?

Demetrio alianza na mfuko. Aliwakumbusha mafundi kwamba utajiri wao unatokana na kazi ile. Heshima ya mungu wa kike Artemi ilikuja baadaye, kama kitambaa cha kufunika sarafu. Injili haikuwashambulia mafundi wa Efeso, lakini iliigusa biashara yao, na mji mzima ukajaa ghasia.

Tumbaku nayo ina Demetrio wake, na haki inataka hesabu zote mbili zisomwe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazolima tumbaku kwa wingi barani Afrika. Huko Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya kuna familia zinazosomesha watoto kwa zao hilo. Mkulima huyo si adui. Mara nyingi yeye ndiye anayeumia kwanza: anayashika majani mabichi yenye nikotini kwa mikono mitupu, anakata miti ya miombo kwa ajili ya kukaushia, na bei ya jani lake hupangwa na wengine. Anayetaka zao hilo lipungue analazimika kusema pia mkulima atalima nini na atamwuzia nani.

Na Serikali? Maneno ya yule dereva wa bodaboda hayakuwa ya hasira tu. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilitaifishwa mwaka 1975, na kilibaki mikononi mwa Serikali hadi mwaka 1995 ilipouza sehemu kubwa ya hisa kwa wawekezaji. Baba yake alipowasha sigara ya kwanza mwaka 1978, ilikuwa imepita miaka 14 tangu Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani atangaze, mwaka 1964, kwamba uvutaji wa sigara unasababisha saratani ya mapafu. Habari hiyo haikuwa siri duniani. Nchi changa iliyokuwa ikitafuta fedha za shule na zahanati ilipata sehemu ya fedha hiyo katika moshi wa vijana wake.

Soma Habakuki 2:12. Nabii anatangaza ole juu ya mji unaojengwa kwa damu. Fungu hili halisemi kwamba kila kodi ni dhambi. Kila mwezi Juni Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, watu husubiri kusikia bei ya bia na sigara. Kodi hiyo yaweza kuwa tamaa, na yaweza kuwa ukuta. Shirika la Afya Duniani linahesabu kupanda kwa bei kuwa mojawapo ya njia zenye nguvu zaidi za kupunguza uvutaji, hasa kwa vijana wasio na fedha nyingi. Tofauti iko katika lengo. Mtawala anayepandisha kodi ili watu waache atafurahi mapato yakishuka. Mtawala anayehitaji mapato yapande atawahitaji wavutaji wapya.

Kenya imejaribu njia nyingine. Kanuni zake za mwaka 2014 ziliweka mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku, ulipwe na watengenezaji na waagizaji kwenye mfuko maalumu wa kupambana na madhara yake. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, na mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaikatalia. Wazo lililo nyuma ya kanuni hizo ni la Kutoka 21: aliyechimba shimo na alipe.

Je, kuna pato lolote unalolipokea ambalo hungependa kuuliza limetoka wapi?

JUMATANO

Mlinzi na Tarumbeta

Soma Ezekieli 33:1–9. Ni katika hali gani damu inakuwa juu ya aliyekufa mwenyewe? Ni katika hali gani inatakwa mkononi mwa mlinzi?

Mafungu haya yanagawa wajibu kwa uangalifu mkubwa. Mlinzi akipiga tarumbeta na mtu akapuuza, mtu huyo anachukua damu yake. Mlinzi akinyamaza, mtu anakufa katika uovu wake, na mlinzi anadaiwa damu yake. Katika hali ya pili wawili wanahukumiwa. Mungu hasemi kwamba kosa la mmoja linapunguza kosa la mwingine.

Yapime maisha ya mzee wa Usa River kwa mizani hiyo. Alianza mwaka 1978. Sheria ya mwaka 2003 ilipopitishwa alikuwa na miaka 41, naye alikuwa amevuta kwa miaka 25. Kwa miaka hiyo 25 mwanawe mdogo ana haki ya kuuliza mlinzi alikuwa wapi. Lakini tangu hapo imepita miaka mingine zaidi ya 20. Pakiti zimeandikwa maonyo, redio zimesema, wahubiri wa makambi wamesema, na mkewe amesema zaidi ya wote. Kwa miaka hiyo mwanawe mkubwa ana haki ya kusema kwamba tarumbeta ilisikika. Wana wote wawili wameshika nusu ya Ezekieli, na kila mmoja anaipiga nusu ya mwenzake.

Tena, tarumbeta inaweza kupigwa kwa namna isiyosikika. Katika meza nyingi za barabarani sigara huuzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba pembeni. Mnunuzi huondoka na sigara. Onyo hubaki na muuzaji, juu ya pakiti. Kijana asiye na fedha za pakiti nzima, ambaye ndiye anayehitaji onyo kuliko wote, ndiye asiyelisoma.

Mlinzi akilala, wananchi wafanye nini? Watu wa Meru wanayo historia. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi wafugaji wa Kizungu. Hawakuinua mikuki. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaeleze shauri lao. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini watawala walijua kwamba wanaulizwa mbele ya ulimwengu. Huko Uganda, mwezi Desemba 2002, Mahakama Kuu ilikubali hoja ya wananchi kwamba kuvuta sigara katika maeneo ya umma kunavunja haki ya wengine ya kuishi na kupata mazingira safi.

Waumini nao hawakuachwa nje. Mwaka 1881, katika makambi ya Des Moines, Iowa, Ellen G. White aliwashauri Waadventista watumie sauti na kura zao kuunga mkono kiasi. Kuiuliza serikali kwa adabu, kwa njia za haki, ni sehemu ya kumpenda jirani. Mlinzi wa kwanza mjini, hata hivyo, si diwani wala waziri. Ni yeye aliyeuona upanga. Mzazi wa Ngarenaro au Sakina anayejua kwamba kijana wake ananuka moshi, naye ananyamaza ili asiharibu amani ya nyumba, anayo tarumbeta mkononi.

Ni nani ambaye umekuwa ukiogopa kumwonya? Utamwonyaje kwa upendo bila kumdhalilisha?

ALHAMISI

Usiku wa Kwanza

Soma Yohana 8:31–36. Wasikilizaji wa Yesu walisema hawajawahi kuwa watumwa wa mtu. Yesu aliwajibuje?

Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya moshi kuvutwa. Ubongo huizoea, kisha huidai. Wavutaji walio wengi huanza kabla ya kuwa watu wazima. Hivyo neno "uchaguzi" ni la kweli, lakini halina uzito uleule kila siku. Sigara ya kwanza ilichaguliwa na mtu huru. Ya elfu kumi ilivutwa na mtumwa. Yesu hakubishana na watumwa kuhusu siku waliyofungwa. Aliwatangazia Mwana awezaye kuwaweka huru kwelikweli.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao ni watu wasiovuta, waliopokea moshi wa wengine. Yule mama anayekohoa jikoni yumo katika hatari hiyo. Kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa, familia inapaswa kumpeleka hospitali apimwe.

Sasa rudi katika nyumba ile. Jioni moja wazee wawili wa kanisa waliwatembelea. Mabishano ya wana yakaanza tena mbele ya wageni. Baba alisikiliza kwa muda, kisha akainua mkono, akasema kwa kukatisha pumzi, "Wanangu, mkishamaliza kumtafuta mwenye kosa, naomba mtu mmoja anisaidie kuumaliza usiku wa leo bila sigara."

Chumba kikanyamaza. Kumbe Baba bado alikuwa akivuta, kwa siri, nyuma ya zizi. Na aliyekuwa akimletea, moja moja, ni mwanawe mdogo, aliyekuwa na pakiti yake mwenyewe katika mfuko wa koti.

Soma Wagalatia 6:1. Paulo anasema aliyeghafilika arejezwe upya kwa roho ya upole, na anayemrejeza ajiangalie asije akajaribiwa mwenyewe. Upole huo una kazi za mikono. Tangu miaka ya 1960 Waadventista wamewasaidia watu wengi kwa Mpango wa Siku Tano wa Kuacha Kuvuta, ulioandaliwa na daktari J. Wayne McFarland pamoja na mchungaji Elman Folkenberg. Mambo yake ni mepesi kueleza: kuamua, kunywa maji mengi, kuvuta pumzi ndefu tamaa inapokuja, kutembea baada ya chakula, kuepuka kwa muda mahali na marafiki wa sigara, na kuomba nguvu za Mungu saa kwa saa. Aliye mgonjwa kama mzee huyu afanye hayo kwa ushauri wa daktari wake. Faida huanza mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo hupungua, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Wengi hushindwa mara ya kwanza, na ya pili. Kanisa linalowacheka, au kuwatangaza, linawarudisha kwenye meza ya barabarani. Kanisa linalokesha nao linautua mzigo.

Kama mvutaji angeingia katika darasa lako Sabato hii akinuka moshi, angeketi karibu na nani?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Mithali 24:11, 12 na Warumi 14:7–13. Soma pia katika Huduma ya Uponyaji mambo yanayohusu tumbaku na vileo.

Siku ya soko, wanawake wanaoshuka na ndizi kuelekea Tengeru hawawezi kujitwika wenyewe mkungu mzito. Mmoja humwita jirani, naye humwinulia hadi kichwani. Akishatwikwa, shingo ni yake na miguu ni yake, hakuna atakayemtembelea. Na akichoka njiani, ni lazima tena awepo wa kumtua. Ndivyo Wagalatia 6:2 na 6:5 yanavyokaa pamoja bila kugombana. Serikali ina sehemu yake ya kutwika na kutua: sheria inayosimamiwa, onyo linalomfikia mnunuzi, kodi yenye lengo jema, hospitali ya walioumia. Mtu naye ana shingo yake. Anayetaka Serikali imbebee shingo, na anayetaka jirani ajitwike peke yake, wote wawili hawajawahi kubeba mkungu.

Katika nyumba ile ya Usa River, usiku ule, dereva wa bodaboda alitoa pakiti mfukoni akaiweka mezani mbele ya Baba yake na Kaka yake. Hakusema neno. Mwalimu alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa kitanda. Wakagawana zamu hadi alfajiri, mmoja akishika kikombe cha maji, mwingine akisoma Zaburi. Asubuhi pakiti ilikuwa bado mezani. Usiku wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na wakaanza tena zamu.

Kristo alichukua mzigo ambao haukuwa wake. Hakuna mahali ambapo aliwauliza wenye ukoma na vipofu wathibitishe kwanza kwamba hawakuhusika na ugonjwa wao. Naye alipomponya mtu katika birika la Bethzatha, alimwagiza ajitwike godoro lake aende, na baadaye akamwonya asitende dhambi tena (Yn. 5:8, 14). Neema na wajibu vilitoka katika kinywa kimoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Wana wale wawili walikuwa na nusu ya ukweli kila mmoja. Je, katika darasa lenu watu wengi huegemea upande upi? Kwa nini?

2. Serikali ikichukua kodi ya sigara, ina deni gani kwa aliyeugua kwa kuvuta? Je, deni hilo ni sawa na deni lake kwa mtoto wa Ngurdoto aliyekunywa maji yenye floridi? Eleza tofauti na mfanano.

3. Mwamini mwenye duka anasema akiacha kuuza sigara wateja watahamia kwa jirani, naye ana ada za watoto. Mtamshauri nini, na kanisa litamsaidia vipi kulibeba furushi hilo?

4. Ni wapi mpaka kati ya sheria inayomlinda jirani na sheria inayoingilia dhamiri? Toeni mifano miwili ya kila upande.

5. Yule mama jikoni hakuulizwa neno. Ni akina nani katika mtaa wenu wanaoumizwa na uchaguzi wa wengine bila sauti yao kusikika? Darasa lenu litafanya nini kabla ya Sabato ijayo?